Maji Yanayotoka Hewani

Jumatatu moja ya mwezi wa Novemba, mvua za vuli zikiwa bado zinainyeshea Kampala karibu kila alasiri, bibi mmoja mwenye duka la kupiga chapa katika Barabara ya Nasser alifungua mlango wa chumba chake cha ndani saa moja na nusu ya asubuhi, akakanyaga maji.

Hayakuwa mengi. Yalikuwa yametanda sakafuni kama kitambaa chembamba, yakimeta kwa mwanga wa taa, na pale yalipochanganyika na vumbi la karatasi yalikuwa yamefanya ute wa kijivu. Alitazama dari, akaiona kavu. Alikwenda nyuma kutazama bomba la choo, akalikuta limefungwa barabara. Ndipo alipogeuza macho pembeni, chini ya kiyoyozi, akaliona dumu la lita 20, lile la manjano ambalo kila nyumba ya Uganda hulitumia kwa kuchotea maji, limejaa hadi mdomoni. Katika mpira mwembamba ulioning'inia juu yake tone moja lilikuwa likijikusanya. Lilianguka, maji ya dumu yakatikisika, na mengine yakateremka ubavuni hadi sakafuni. Hatua mbili kutoka hapo, sakafuni vilevile, ilikuwa imelala ekstensheni, yaani ile kebo ndefu yenye matundu ya plagi, na matundu yake yote yalikuwa na kazi.

Bibi huyu si mgeni wa mashine. Alitoka Arua akiwa msichana, akaanza kazi Wandegeya kwa taipureta moja, akiwapigia wanafunzi wa Makerere maandishi yao. Haba na haba hatimaye akafikia kuwa na kompyuta nne, printa mbili kubwa na mashine ya fotokopi. Mwezi wa Novemba ndio msimu wake wa mavuno. Shule zinataka mitihani na ripoti za mwisho wa mwaka, wachumba wanataka kadi za kwanjula kabla ya sikukuu, na wenye maduka wanataka kalenda za mwaka ujao. Kazi zote hizo huwekwa katika kompyuta moja isiyozimwa usiku wala mchana. Kwa ajili ya kompyuta hiyo na wenzake, wala si kwa ajili ya nafsi yake, ndiyo sababu alinunua kiyoyozi.

Jambo hili halina budi kufikiriwa kidogo, kwani ndilo mzizi wa mambo yote yaliyofuata. Kampala si Mombasa wala si Dar es Salaam. Mji umejengwa juu ya vilima, kiasi cha mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Joto lake la mchana kwa kawaida huishia nyuzi 27 au 28, na usiku mtu huhitaji blanketi. Wako wakazi wengi wa mji huu waliozaliwa, wakaoa na kuzeeka bila ya kulala hata siku moja katika chumba chenye kiyoyozi, na hawakupungukiwa na lolote. Basi chombo hiki kilipoingia katika maduka madogo kiliingia kama mtumishi wa mashine. Na chombo kisichouhudumia mwili wa mtu husahauliwa upesi. Mama hawezi kusahau sufuria iliyo jikoni, kwa maana tumbo litamkumbusha. Lakini nani atakayemkumbusha dumu lililo nyuma ya mlango?

Kila jioni dumu lilikuwa likimwagwa na binti wa mdogo wake, msichana wa miaka kumi na minane aliyekuja kujifunza kazi. Jumamosi hiyo alilimwaga saa saba mchana, duka likafungwa. Kiyoyozi kikaachwa kikinguruma, kwa kuwa ile kompyuta kubwa nayo iliachwa ikifanya kazi.

Msichana alifika nyuma ya mama yake mkubwa, akayaona maji, na kwa kweli hakuchelewa kufanya alilofundishwa. Alikwenda moja kwa moja kwenye swichi kuu iliyo karibu na mlango, akaivuta chini. Taa zikazimika. Kiyoyozi kikakoroma, kikanyamaza.

"Nimekwisha zima, mama mkubwa," akasema. Akavua viatu ili visiharibike, akakunja sketi yake magotini, akaingia majini na kuinama ili ainue ile ekstensheni.

"Acha hapo! Usiiguse!"

Aliyepiga kelele alikuwa mzee mmoja fundi wa majokofu, ambaye karakana yake ilikuwa upande wa pili wa ujia. Alikuwa akipita na kikombe chake cha chai. Msichana alibaki ameinama, mkono ukiwa shubiri moja tu kutoka kwenye kebo.

"Rudi nyuma polepole, binti yangu. Usishike kitu. Haya, sasa simama hapa pakavu, usikilize."

Wote watatu wakasikiliza. Katika giza la chumba kile, chini ya meza, palikuwa na mlio mdogo: ti, kimya, ti, kimya. Na kwenye ubavu wa ile ekstensheni taa ndogo nyekundu ilikuwa ikiwaka bila wasiwasi wowote.

Ule mlio ulikuwa wa kisanduku cha betri ambacho watu wa kompyuta hukiita UPS. Katika mji ambao umeme hukatika bila ya kubisha hodi, kila mwenye kompyuta ya maana anacho. Kazi yake ni kukaa akisubiri. Umeme wa ukutani ukitoweka, yeye huutoa wake mara hiyohiyo, ili kompyuta isizimike katikati ya kazi. Na umeme anaoutoa si umeme mdogo wa tochi kama wengi wanavyodhani. Huugeuza ule wa betri ukawa wa volti 240, sawasawa na ule wa ukutani, wenye nguvu zilezile za kuua. Msichana alipovuta swichi kuu alikuwa amefunga mlango mmoja, na kwa kufunga huo akaufungua mwingine.

Yafaa watu wa majumbani walitie jambo hili moyoni, maana siku hizi si maduka peke yake yaliyo na vyombo vya namna hii. Nyumba nyingi za Kampala, kuanzia Ntinda hadi Makindye, zina inveta na betri zake zilizofichwa chini ya ngazi, na nyingine zina paneli za jua juu ya paa. Tangu utoto watu wamefundishwa kwamba maji yakikutana na umeme ni kuzima swichi kuu, na mafundisho hayo ni mazuri; upungufu wake ni kwamba yalitungwa katika siku ambazo umeme ulikuwa na mlango mmoja tu. Nyumba yenye betri ina milango miwili, na yenye jua huenda ina mitatu. Kila mmoja katika nyumba, pamoja na mtumishi na mtoto mkubwa, hana budi kujua iliko swichi ya kila mlango, na kuifikia bila ya kukanyaga maji.

Mzee fundi hakuingia chumbani. Aliomba viatu vyenye nyayo za mpira, akazunguka kwa upande uliokuwa mkavu, akakibonyeza kile kisanduku kitufe chake mpaka mlio ukakoma, kisha akachomoa plagi ya ekstensheni upande wa kisanduku. Taa nyekundu ikazimika. Ndipo alipomwita msichana.

"Sasa chukua tambara."

Bibi mwenye duka alikuwa ameketi juu ya rimu za karatasi, mikono yake ikitetemeka. Alipopata sauti, neno lake la kwanza lilikuwa la hasira. Alisema kuwa kiyoyozi kile ni kibovu, kinavuja, na kwamba kijana aliyekifunga miaka miwili iliyopita alimwibia fedha zake.

"Kiyoyozi hiki hakivuji, mama," alijibu mzee. "Kinafanya kazi yake. Maji haya si yake. Ni ya hewa."

Mzee huyu alisomea ufundi Kyambogo, miaka mingi kabla ya mahali pale kufanywa Chuo Kikuu mwaka 2003, naye ana desturi ya waalimu wa zamani ya kutomwacha mtu aondoke na nusu ya jibu. Alimweleza kwamba hewa hubeba maji yasiyoonekana, na kadiri inavyokuwa ya joto ndivyo inavyoweza kubeba mengi. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye joto la nyuzi 30 yaweza kubeba kiasi cha gramu 30 za maji; kwa nyuzi 20 yaweza kubeba gramu 17 tu, na kwa nyuzi 10 haifikii gramu 10. Ndani ya kiyoyozi mna mabomba ya shaba yenye baridi kali. Hewa ya chumba ipitapo hapo hupoa ghafula, mzigo huishinda, ikautua. Ni umande uleule unaokaa juu ya majani ya migomba asubuhi, na ni jasho lilelile la chupa ya soda iliyotolewa katika jokofu. Kampala, yenye ziwa Viktoria upande wa kusini na misimu miwili ya mvua kwa mwaka, haikosi hewa iliyoshiba maji.

Kisha akapiga hesabu kwa vidole. Kiyoyozi cha ukubwa ule, katika chumba kilichofungwa, na hewa ikiingia kwa upenyo wa chini ya mlango tu, kilikuwa kikitoa yapata nusu lita kwa saa. Dumu ni la lita 20. Kwa hiyo hujaa kwa saa 40. Tangu Jumamosi saa saba mchana hadi Jumatatu saa moja na nusu asubuhi ni saa 42 na nusu. "Dumu lako lilijaa leo alfajiri saa kumi na moja," akasema. "Kama leo ingekuwa sikukuu na mngefungua kesho, mngekuta ziwa." Na duka likiwa wazi, watu wakiingia na kutoka na kila mmoja akiingia na hewa ya nje, kiyoyozi kama kile chaweza kutoa lita nzima kwa saa au zaidi. Dumu lilikuwa saa tu iliyokuwa ikihesabu kurudi nyuma, wala hapakuwa na mtu aliyeisikia.

Inafurahisha kujua kwamba chombo hiki, ambacho siku ile kililiweka duka la kupiga chapa katika hatari, kilibuniwa kwa ajili ya kuliokoa duka la kupiga chapa. Mwaka 1902 kiwanda cha Sackett-Wilhelms katika mtaa wa Brooklyn, New York, kilikuwa kikisumbuliwa na hewa ya kiangazi. Karatasi zilikuwa zikinywa unyevu na kutanuka, na kwa kuwa karatasi moja hupitishwa mashinani mara kadhaa, kila rangi kwa zamu yake, rangi ya pili ilikuwa haiangukii mahali pa ile ya kwanza. Mhandisi kijana aliyeitwa Willis Carrier alichora mtambo wa kuipitisha hewa kwenye mabomba ya baridi ili itue maji yake. Hakutafuta kumpoza mtu yeyote. Alitafuta kuikausha hewa. Baridi ilikuja kama mgeni aliyefuatana na mwalikwa, na baadaye ndiyo iliyoshika kiti. Kwa hiyo anayelalamika kwamba kiyoyozi chake kinatoa maji ni kama anayelalamika kwamba jembe lake linageuza udongo.

Bibi alicheka kidogo aliposikia habari hiyo, kwa mara ya kwanza asubuhi ile. Akauliza kama maji yenyewe, kwa kuwa yametoka hewani, si safi kama ya mvua, na kama maji safi hayapitishi umeme kama alivyowahi kusikia. Swali lilikuwa zuri. Maji yaliyo safi kabisa hupitisha umeme kwa shida mno. Lakini maji ya kiyoyozi huwa hayabaki safi hata dakika moja. Huteremka juu ya mabomba yenye vumbi, hukusanyika katika trei yenye utelezi, na katika duka lile yalikuwa yameoga vumbi la karatasi, wino wa unga na ile tope nyekundu iletwayo na viatu kutoka barabarani. Yakifika sakafuni ni njia nzuri ya umeme. Kwa sababu hiyohiyo si maji ya kunywa, wala si ya kutilia kwenye betri za inveta kama wafanyavyo baadhi ya watu wanaodhani wamepata maji ya dukani bila ya malipo. Yafaa kupigia deki na kumwagia chooni, wala yasiachwe yakatuama, maana mbu hawabagui dumu.

Mzee alikifungua kifuniko cha kiyoyozi, akatoa chujio lake. Lilikuwa limevaa manyoya ya kijivu mazito kama blanketi la punda. Hakusema neno, alimwonyesha msichana tu, naye akainamisha macho, ingawa hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba kitu kile huoshwa. Katika duka la kupiga chapa, ambamo karatasi hutoa vumbi mchana kutwa, chujio lataka kuoshwa kila wiki mbili. Nyumbani mara moja kwa mwezi hutosha. Likiziba, hewa haipiti vizuri, mabomba huzidi kuwa baridi, na ule umande badala ya kudondoka huganda. Barafu hujengeka kimya kimya. Siku umeme ukikatika, barafu yote huyeyuka kwa pamoja, trei hufurika, na maji huteremka kwa mbele, juu ya chochote kilichowekwa chini. Mtu huona ajabu kwamba kiyoyozi kisichofanya kazi ndicho kinachotiririka. Katika duka lile, chini ya kiyoyozi, palikuwa na mashine ya fotokopi.

Kuna kosa lingine ambalo mzee alilikuta, nalo lapatikana karibu katika kila chumba cha kompyuta mjini. Kiyoyozi kilikuwa kimewekwa nyuzi 16. Ukiuliza, huambiwa kuwa mashine hupenda baridi. Si kweli. Wahandisi wa Marekani wanaoweka viwango vya vyumba vya kompyuta hupendekeza hewa iingiayo mashinani iwe kati ya nyuzi 18 na 27, na jambo wanalolitilia mkazo pamoja na joto ni unyevu. Hewa ya nje ya Kampala yenye nyuzi 27, ikiwa na unyevu wa asilimia 65, humwaga umande juu ya kitu chochote kilicho na baridi ya chini ya nyuzi 20. Basi fikiria chumba kilichopozwa usiku kucha hadi nyuzi 16. Umeme unakatika, kiyoyozi kinasimama, watu wanaona joto, wanafungua mlango na madirisha. Hewa ya nje inaingia na kukutana na vyuma vya baridi, navyo vinatoka jasho, nje na ndani, mahali ambapo hakuna tambara linaloweza kufika. Kisha umeme unarudi. Wenye mashine husema kuwa umeme ulirudi kwa nguvu ukaunguza, na mara nyingi ni kweli. Lakini ziko nyingine zilizokufa kwa umande, na lawama ikamwangukia asiyehusika.

Wala wenye maduka madogo wasidhani kuwa aibu hii ni yao peke yao. Mwaka 2011 kampuni ya Facebook, katika jengo lake kubwa la kompyuta lililokuwa jipya huko Prineville, jimbo la Oregon, ilipatwa na mkasa ambao ungechekesha kama usingekuwa wa hasara. Mitambo inayoongoza hewa ilikosea, ikaizungusha hewa yenye joto na unyevu mwingi mno, na unyevu ukatua juu ya kompyuta kana kwamba wingu limeingia ndani ya nyumba. Nyingine zikazimika kwa kupigwa shoti. Walikuwapo wahandisi, na fedha hazikukosekana. Umande haukuuliza.

Kazi ya kurekebisha duka ilichukua siku mbili. Siku ya kwanza mzee alikataa katakata kuwasha chochote. Printa moja, iliyokuwa imesimama sakafuni, ilikuwa na maji katika kitako chake. Ilifunguliwa, ikapanguswa, ikaachwa wazi mbele ya feni mpaka kesho yake. Ekstensheni ilionekana kavu kwa nje, na bibi alitaka kuihifadhi. Mzee alichukua koleo, akaikata plagi yake mbele ya macho yake, ili asije mtu akaiokota jalalani na kwenda kuitia nyumbani kwake. Kile kisanduku cha betri, ambacho maji yaliishia pembezoni mwake tu, kilipelekwa kupimwa kabla ya kurudishwa. Mchana alifika mwalimu mkuu wa shule moja kuchukua ripoti zake, akaambiwa arudi Jumatano. Alinung'unika kwa sauti iliyosikika hadi barabarani. Bibi alinyamaza. Alikuwa ameuona mkono wa binti wa mdogo wake ukiwa shubiri moja kutoka kwenye kebo, na maneno ya mwalimu mkuu hayakumwingia.

Siku ya pili ukuta ulitobolewa. Tundu lilitobolewa kwa mshazari, likiinamia nje, ili hata mvua ipigayo ukutani isipate njia ya kuingia. Mpira mpya ukapitishwa, ukiteremka kwa sentimita moja angalau katika kila mita, bila ya kupinda wala kulala, kwa maana mahali mpira unapolala ndipo utelezi unapojenga na kuziba. Mzee aliyavisha mabomba ya shaba sponji nyeusi kutoka mwanzo hadi mwisho, kwani bomba la baridi lililo uchi hutoka jasho njia nzima, na kijana wa miaka miwili iliyopita alikuwa ameyavisha nusu tu, kisha akaona dumu ni rahisi kuliko kutoboa ukuta. Trei ilisuguliwa na kumwagiwa maji ya kopo zima, wote wakatoka nje kuhakikisha kwamba yanatokea upande wa pili. Jaribio hilo ni la dakika moja, na ni ajabu jinsi lisivyofanywa.

Mashine ya fotokopi ikahamishiwa ukuta mwingine. Matundu mapya ya plagi yalifungwa ukutani, juu ya usawa wa meza, na kila waya uliachwa uning'inie kidogo chini ya tundu lake kabla ya kupanda, ili tone likiufuata waya liangukie hapo chini pasipo na kitu, lisiingie katika plagi. Kompyuta kubwa na kisanduku cha betri vilipandishwa juu ya kibao. Kiyoyozi kiliwekwa nyuzi 25. Na kwenye ubao wa umeme fundi mwenye leseni aliongeza ile swichi inayokata yenyewe inapohisi mkondo umevuja hadi miliampia 30, kiasi ambacho ni sehemu 30 tu katika elfu za ampea moja. Bibi alishangaa, akidhani kuwa fyuzi iliyomo ndani ya plagi ilikuwa ikimlinda siku zote. Fyuzi ile ni ya ampea 13. Hulinda waya usiungue. Mtu angekuwa amekwisha kufa mara nyingi kabla haijatambua kuwa kuna neno. Lakini hata swichi mpya, mzee aliongeza, inalinda umeme wa ukutani. Isitegemewe kwa ule utokao katika betri. Kwa hiyo akaandika kwa wino mwekundu juu ya kipande cha kadi, akakibandika mlangoni: KWANZA UKUTA, PILI BETRI, NDIPO MAJI. Msichana alikitazama kibao hicho, akakibandua, akaenda kukipiga chapa upya kwa herufi nzuri, maana hilo ni duka la kupiga chapa.

Jumatano ripoti za shule zilitoka. Dumu la manjano lilirudishwa katika kazi yake ya zamani ya kuchotea maji, na kwa siku tatu mambo yakawa shwari.

Siku ya nne akaja jirani wa chini, mwuza wino na karatasi, akiwa ameshika mkononi kibao chake cha matangazo. Rangi ilikuwa imeanza kuvimba upande mmoja. Tangu Jumatano, alisema, kuna maji yanamdondokea kutoka ukutani, jua likiwaka mvua ikinyesha, na amekwisha panda juu mara mbili kutafuta bomba lililopasuka asilione.

"Karibu ndani, ndugu," alisema bibi, akimsogezea kiti. "Hayo hayatoki bombani." Akamwita msichana amwite mzee, na amwambie aje na mita tano nyingine za mpira, za kuyafikisha maji hadi kwenye mfereji wa barabarani.